Chini ya Rangi Kuna Nini?

Modeli ya kwanza niliyothubutu kumwonyesha mtu mwingine ilikuwa ya ndege ya Uingereza aina ya Hurricane, katika skeli ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi, yenye rangi za kiangazi cha mwaka 1940: kahawia ya udongo na kijani kilichokoza upande wa juu, na upande wa chini kijani hafifu mno kinachokaribia weupe. Nilikuwa nimeifanyia kazi karibu miezi mitatu, na hatua ya mwisho, ile niliyoifurahia kuliko zote, ilikuwa ya kuichakaza ili ionekane imetumika vitani. Kwa ncha ya brashi nyembamba nilitia vidoa vya rangi ya fedha kila mahali nilipoamini kwamba rangi ingebanduka: kwenye ukingo wa mbele wa mabawa, kuzunguka vifuniko vya injini, na ubavuni kote hadi mkiani. Mzee niliyemwonyesha, ambaye alianza kuunda modeli kabla sijazaliwa, aliishika kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na taa, akaizungusha polepole, kisha akaweka ukucha wake nyuma ya chumba cha rubani.

“Mwanangu, hapa chini ya rangi kuna nini?”

Nilimjibu kwamba kuna bati, kama ilivyo kwa ndege yoyote.

“Hapa ni kitambaa,” akasema. “Sasa hili bati limetokea wapi?”

Alikuwa sahihi. Hurricane, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza Novemba 1935, iliundwa kwa namna iliyochanganya ufundi wa zamani na wa wakati ule. Sehemu ya mbele ilifunikwa kwa mabati, lakini kuanzia nyuma ya rubani kiunzi cha mabomba ya chuma kilizungukwa na fito za mbao, na juu ya fito hizo kikavutwa kitambaa cha kitani kilichopakwa dopu, yaani kile kimiminika kinachokaza kitambaa na kukizuia kisipitishe hewa na maji. Ukiitazama Hurricane kwa ubavu utaona mistari mirefu inayokimbia kuelekea mkiani. Hizo ni fito zinazojionyesha chini ya kitambaa. Rangi iliyopakwa juu ya kitambaa hufuatana nacho. Hupauka kwa jua, hushika mafuta na vumbi, huwa na kiraka kipya mahali palipotobolewa, lakini haibanduki kwa vipande vikali na kuacha chuma kinachometa. Mimi nilikuwa nimetoboa nguo nikatoa bati.

Tangu siku hiyo sifungui chupa ya rangi kabla sijajibu swali la yule mzee, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali hilo peke yake linatosha kumfundisha mtu sehemu kubwa ya kazi hii. Wengi wetu tunapoanza huiona rangi kama vazi la kumalizia, kitu cha kuchagua kutoka kwenye karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi. Lakini mashine halisi ilikuwa na tabaka: malighafi yenyewe, praima ya kiwandani, yaani rangi ya msingi, rangi ya kwanza, pengine rangi ya pili iliyopakwa kwa haraka uwanjani, halafu masizi, matope na mikwaruzo ya watu walioipanda kila siku. Modeli nzuri hupakwa kwa kufuata mpangilio huo huo, kutoka ndani kuja nje.

Majibu ya swali hutofautiana hata kwa ndege zilizopigana bega kwa bega. Spitfire iliruka mara ya kwanza Machi 1936, miezi minne tu baada ya Hurricane, lakini mwili wake na mabawa yake vilikuwa na ngozi ya aloi ya alumini, isipokuwa sehemu chache kama usukani wa mkia ambao uliendelea kufunikwa kwa kitambaa. Hapo vidoa vya fedha vina haki ya kuwapo, ila kwa mahali pake: kwenye shina la bawa la kushoto, ambako mlango mdogo wa rubani upo na ambako mafundi na rubani walikanyaga mara nyingi kwa siku, kuliko kwenye ncha ya bawa ambayo karibu hakuna aliyeigusa. Mosquito, iliyoruka Novemba 1940, ni ndege ya mbao. Ngozi ya kiwiliwili chake ni mbao nyepesi ya balsa iliyobanwa katikati ya tabaka mbili za plaiwudi, na juu yake kikagandishwa kitambaa chembamba kilichopakwa dopu. Ukiacha vifuniko vya injini na sehemu nyingine chache, anayeipaka Mosquito vidoa vya fedha mabawani anafanya kosa langu lile lile, na hata mistari ya maungio ya mabati ambayo mkono wetu umezoea kuitia kivuli haina nafasi pale, kwa kuwa bawa lile halikuwa na mabati ya kuungana.

Kwa ndege za Marekani kuna tabaka la katikati la kukumbuka. Sehemu nyingi za ndani, na mara nyingine ngozi ya nje pia, zilipakwa praima ya zinki kromati yenye rangi ya manjano inayoelekea kijani, kwa hiyo mkwaruzo usiofika kwenye chuma unaweza kuonyesha umanjano huo badala ya fedha. Na kwa ndege za jeshi la nchi kavu la Japani hadithi ni kinyume chake: nyingi zilipakwa kijani moja kwa moja juu ya alumini isiyo na praima, na rangi ile ikawa inabanduka kwa mabaka makubwa kiasi kwamba picha zake, kwa mtu asiyejua, huonekana kama picha za ndege zilizotelekezwa. Nikiona modeli ya Ki-61, mojawapo ya ndege hizo, iliyobanduka vibaya sana simlaumu aliyeiunda, kwa maana huenda ameitazama picha vizuri kuliko mimi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Mustang, P-51D, kwa sababu ndani yake swali la mzee lina majibu mawili katika ndege moja. Kuanzia mwanzoni mwa mwaka 1944 Wamarekani walianza kutoa ndege viwandani bila rangi za kujificha, na picha za Mustang zinazong'aa kama kijiko zimetufanya sote tuamini kwamba ndege nzima ilikuwa ni chuma kitupu. Kiwiliwili ndicho kilikuwa hivyo. Bawa halikuwa hivyo. Bawa la Mustang lilisanifiwa ili hewa iteleze juu yake bila kuvurugika kwa umbali mrefu kuliko ilivyokuwa kawaida, na kwa ajili hiyo kiwandani walijaza puti kwenye maungio na kwenye vichwa vya ribiti vya sehemu ya mbele ya bawa, wakasugua, wakapuliza praima, kisha wakapuliza rangi ya alumini juu yake. Kwa maneno mengine, ndani ya Mustang ile ile kuna fedha mbili: fedha ya chuma kilicho wazi kiwiliwilini, na fedha ya rangi mabawani.

Kwa mwenye kuunda modeli jambo hili lina kazi nyingi ndani yake. Watengenezaji wengi wa modeli huchonga mistari ya maungio juu ya bawa lote kwa sababu wanunuzi hupenda kuiona, kwa hiyo jambo la kwanza ninalofanya ni kuifuta. Naijaza mistari ya sehemu ya mbele ya bawa kwa puti iliyolainishwa, naacha ikauke usiku mzima, nasugua kwa msasa wa maji namba 600 na kisha 1000, huku nikihifadhi milango ya bunduki, milango ya risasi na kifuniko cha tangi la mafuta, kwa sababu hivyo vilifunguliwa kila mara na visingeweza kuzibwa. Halafu nakipuliza kiwiliwili laka nyeusi inayong'aa, laini kama kioo, na juu yake rangi ya chuma kwa tabaka nyembamba sana. Weusi ule wa chini ndio unaoipa rangi ya chuma kina chake. Mabati machache naziba pembeni mwake kwa utepe na kuyapuliza kwa chuma kilichokoza au kilichofifia kidogo, kwa kuwa aloi na unene wa mabati havikuwa sawa. Bawani sitii weusi wowote. Naweka praima ya kijivu na rangi ya kawaida ya alumini isiyong'aa sana. Ukiiweka modeli kama hiyo dirishani asubuhi, mwanga hukimbia ubavuni na kutulia bawani, na mtu asiyejua lolote kuhusu ndege huiona tofauti ile hata kama hawezi kueleza imetokana na nini.

Mistari myeusi na myeupe ya Juni 1944, waliyoipaka Washirika kwenye ndege zao ili zitambuliwe na wenzao, nayo inajibiwa na swali hilo hilo. Kwa ndege za injini moja ilikuwa mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, kila mmoja ukiwa na upana wa inchi 18, yaani milimita 457. Katika skeli ya 1/48 huo ni upana wa milimita 9.5, na katika 1/72 ni milimita 6.35. Amri ya kuipaka ilifika vikosini siku chache kabla ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, Ufaransa, na mafundi waliipaka kwa brashi, kwa haraka, juu ya rangi na alama zilizokuwapo. Mistari iliyonyooka kama imekatwa kwa rula inaweza kuwa kweli kwa ndege fulani, lakini kwa nyingine nyingi picha zinaonyesha kingo zilizopinda na weupe mwembamba unaoacha kijani kionekane. Mimi huziba kwa utepe upande mmoja tu wa mstari na upande wa pili naupaka kwa mkono. Na kama ndege ni ya miezi ya baadaye, ambapo mistari ya upande wa juu ilifutwa ili isiwaonyeshe adui, juu ya bawa patakuwa na kiraka cha rangi mpya palipokuwa na mistari.

Hadi hapa nimezungumza juu ya kilicho chini ya rangi ya ndege halisi. Lakini modeli nayo ina chini yake, na hapo ndipo kazi zangu nyingi zilipoharibika kabla sijajifunza. Plastiki ya polistirini hutoka kwenye kalibu ikiwa na mafuta kidogo ya kuizuia isinate, na mafuta ya vidole vyetu huongezeka juu yake. Niliwahi kupaka tumbo la ndege bila kuiosha, nikaziba kwa utepe ili nipulize rangi ya juu, na nilipoubandua utepe ukaondoka na rangi yote ya tumbo, kama ganda la yai la kuchemsha. Sasa kila fremu ya vipande naiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, naiacha ikauke yenyewe, na baada ya kuunganisha naipangusa tena kabla ya praima.

Gundi pia inahitaji kueleweka kwa kile inachokifanya. Gundi ya plastiki kwa kweli hainati. Inayeyusha nyuso mbili ili ziwe kitu kimoja, na ndiyo maana ile nyembamba sana inayojipenyeza yenyewe kwenye ufa huacha maungio yenye nguvu kama kuchomelea. Supagluu ni kwa ajili ya vipande vya resini na vya shaba, ambavyo haviyeyuki. Mvuke wake ukifungiwa karibu na kioo cha rubani hukitia ukungu mweupe, na ninacho kioo kimoja kwenye droo ambacho nimekihifadhi kama kumbukumbu ya usiku nilipofunga chumba cha rubani kabla supagluu haijakauka vizuri. Vioo nabandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo hukauka bila mvuke wala rangi.

Mshono wa katikati ya kiwiliwili ndio ninaoupa muda mwingi kuliko kitu kingine chochote, na sioni kama ni muda uliopotea. Praima ya kijivu kazi yake ya kwanza ni kusema ukweli. Mshono uliokuwa hauonekani kwenye plastiki ya kijani huibuka ghafla pale kijivu kinapokauka, nami narudi kwenye puti na msasa, napuliza tena, narudi tena, mara tatu na hata nne, na baadaye nachonga upya mistari na ribiti zilizofutika. Kuhusu eabrashi, kile kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa, sina mengi ya kusema zaidi ya kwamba rangi iwe nyepesi kama maziwa, presha iwe ya chini, kati ya psi 15 na 20 kwa kazi nyingi, na mwenye kupuliza laka avae kinyago chenye vichujio vya mvuke na awe mahali penye hewa inayotembea. Kinyago cha kitambaa hakizuii mvuke, na mapafu hayabadilishwi.

Vifaru vilinijia baadaye, na nilidhani kwamba kwa kuwa ni chuma tupu swali la mzee lingekuwa jepesi. Halikuwa. Chuma kina namna nyingi. Kichwa kinachozunguka cha T-34, kifaru cha Kisovieti, ya mwaka 1942 mara nyingi kilisubiwa kwenye kalibu ya mchanga, kwa hiyo uso wake ulikuwa na vipele na mabonde, ilhali kiwiliwili chake kilikuwa cha bamba za chuma zilizonyooka, zilizokatwa kwa moto na kuchomelewa. Plastiki ya modeli mara nyingi huvifanya vyote viwili kuwa laini sawasawa. Kwa kile kichwa natengeneza uji wa puti na tina ya laka, naupakaza na kuupigapiga kwa brashi ngumu iliyochakaa hadi uso uinuke vidoti, na ukikauka naupitishia msasa kidogo ili vidoti visizidi. Kwa mishono ya kuchomelea natumia fremu ya plastiki iliyobaki: naipasha juu ya mshumaa hadi ilegee, naivuta iwe uzi, naulaza uzi huo mahali pa mshono, nauloweka kwa gundi nyembamba hadi ulainike, kisha naukanyaga kwa ncha ya kisu, alama baada ya alama, kama mshono wa fundi mwenye haraka ya vita. Katika skeli ya 1/35 mshono wa kifaru kizima huchukua jioni mbili. Yote hayo hutangulia rangi, na yote huonekana baada ya rangi.

Vifaru vya Ujerumani vina tabaka nyingi kuliko vyote. Hadi Februari 1943 vilitoka viwandani na rangi ya kijivu kilichokoza, namba RAL 7021 katika orodha ya rangi ya Wajerumani. Kisha ikaamriwa viwe vya manjano iliyofifia, RAL 7028, na vikosi vikapewa kijani na kahawia nyekundu kama dongo la rangi kwenye makopo, la kuyeyushwa kwa petroli au hata maji na kupulizwa na askari wenyewe juu ya manjano ile. Kifaru kilichoundwa kabla ya amri na kupakwa upya baada yake kilikuwa na kijivu chini ya manjano, na chini ya kijivu praima nyekundu ya kuzuia kutu. Tangu nusu ya pili ya mwaka 1943 hadi Septemba 1944 vingi vilipakwa pia Zimmerit, lile dongo lenye matuta lililokusudiwa kuzuia mabomu ya sumaku yasinate, ambalo lilimeguka kwa vipande na kuacha wekundu wa praima wazi. Ndiyo maana kabla ya kuanza Tiger au Panther nataka kwanza kujua kifaru kilitoka kiwandani mwezi gani. Tarehe hiyo ndiyo inayoniambia mkwaruzo wake utakuwa na rangi gani.

Picha za wakati ule husaidia, lakini nazo zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Filamu za othokromatiki hazikuiona rangi nyekundu, zikaitoa nyeusi, na manjano ilitoka imekoza kupita kiasi, kiasi kwamba ile pete ya manjano inayozunguka alama ya ndege za Uingereza huonekana katika baadhi ya picha kama pete nyeusi. Mashine zilizohifadhiwa kwenye majumba ya makumbusho nazo zimepakwa upya mara nyingi. Tiger 131, iliyotekwa Tunisia Aprili 1943 na ambayo sasa iko Bovington, Uingereza, ni hazina isiyopimika kwa mwenye kutaka kujua unene wa bamba au umbo la nati, lakini rangi inayoonekana juu yake leo ilipakwa na watu waliokuja baadaye, kwa utafiti wao. Kwa hiyo natafuta picha mbili au tatu za kikosi kile kile, kwa mwezi ule ule, na pale ambapo picha hazisemi naacha rangi nzima bila mkwaruzo.

Chokaa ya majira ya baridi, ule weupe waliopakwa vifaru ili vijifiche thelujini, ndiyo inayonifurahisha kuliko kazi zote za kupaka, kwa sababu ndani yake mpangilio wa tabaka unafanyika kwa mikono mbele ya macho yako. Naanza na kijani cha T-34, nakiacha kikauke siku mbili na kukifunika kwa vanishi. Juu yake napuliza dawa ya kushikilia nywele, mara mbili, nyembamba. Ikishakauka napuliza akriliki nyeupe iliyochanganywa na maji, bila kuikoza, na baada ya kama dakika ishirini naanza kulowesha sehemu moja baada ya nyingine kwa brashi yenye maji. Maji hupenya weupe na kuyeyusha ile dawa iliyo chini, nao weupe huanza kulegea. Hapo mkono unapaswa kukumbuka askari. Weupe huondoka kwanza pembeni mwa mlango wa dereva, pale mikono iliposhika. Juu ya vizuia matope, walipopandia. Nyuma, askari wa miguu walipokaa wakiegemea kile kichwa. Chini ya mzinga, ambako hapakuwa na wa kupagusa, weupe hubaki mzima. Nikitumia brashi laini chokaa hufifia kama iliyonyeshewa, nikitumia kijiti cha meno hukwaruzika. Kijani kinachoibuka ni kijani kile kile cha chini, kwa hiyo mkwaruzo una kina chake wenyewe, na hakuna brashi ya kuchora juu inayoweza kuuiga.

Minyororo imenifunza kutoiamini kahawia ya kutu. Chuma cha mnyororo wa kifaru kinachotembea hukoza na kuchafuka, na sehemu inayogusa ardhi husuguliwa hadi ing'ae, lakini kutu nyekundu ya mnyororo mzima ni ya kifaru kilichosimama. Tena Sherman nyingi, vifaru vya Marekani, zilitembea juu ya minyororo yenye vitalu vya mpira, na mpira haushiki kutu hata ukae miaka mia. Kinachostahili rangi ya chuma ni viungio vya pembeni tu. Kinyume chake, baadhi ya T-34 zilizotoka kiwanda cha matrekta cha Stalingrad mwaka 1942 zilikuwa na magurudumu yasiyo na mpira kwa nje, kwa sababu mpira ulikuwa haba, kwa hiyo ukingo wa gurudumu unaokanyaga mnyororo unapaswa kumeta. Gurudumu dogo, kosa dogo, lakini chini ya rangi palikuwa na chuma.

Kuna hesabu ninayoirudia kila ninapotaka kuongeza mkwaruzo mmoja zaidi. Kidoa cha milimita moja katika 1/35 ni sentimita 3.5 za kifaru halisi. Katika 1/48 ni sentimita 4.8, na katika 1/72 ni zaidi ya sentimita 7, upana wa kiganja cha mtoto. Vidoa mia vya ukubwa huo kwenye bawa moja ni ndege iliyopigwa mawe. Kwa hiyo natumia kipande cha sponji kilichonyofolewa, nakichovya kwenye rangi, nakigusa karatasini hadi kikaribie kukauka, na ndipo nakigusisha kwenye ukingo, mara moja, na kuacha.

Ile Hurricane ya kwanza sikuitupa. Mwaka jana nilikata shauri la kuirekebisha, na kwa kuwa rangi zake zilikuwa akriliki niliweza kuziondoa kwa alkoholi bila kuidhuru plastiki, nikianzia mkiani kwenda mbele, kwa pamba na mswaki wa zamani. Vidoa vya fedha viliondoka kwanza, kisha kijani, kisha kahawia, kisha praima. Nyuma ya chumba cha rubani, upande wa kushoto, pale pale mzee alipoweka ukucha wake, ikatokea alama ya dole gumba langu, iliyoganda kwenye plastiki iliyokuwa imelainishwa na gundi miaka ile, mistari yake yote ikiwa wazi. Niliipima. Nafasi kati ya mstari na mstari ni karibu nusu milimita, ambayo katika skeli hiyo ni sentimita 2.4 za kitambaa. Nikachukua msasa namba 600, nikauchovya majini, nikaanza kusugua kwa kufuata mkondo wa zile fito.